Koki kwenye Jicho la Chemchemi

9 Januari

Mume wangu,

Marehemu babu yako amelala makaburini nyuma ya soko. Nikitaka kumsema naenda kwa miguu, namsema, narudi chai haijapoa. Wewe uko hai na sijui hata nitazame upande gani wa mbingu. Sasa nieleze, mume gani huyu aliye mbali kuliko maiti?

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Binti wa posta anayerusha barua huko angani kwa mnara alitaka kunisahihishia maneno. Nikamwambia, mwanangu, mimi darasani sijaingia hata kufagia. Kusoma nimejifunza kwenye pindo za mashuka ya hospitali: WAZAZI, WATOTO, MAJERUHI. Na hakuna shuka la wazazi lililowahi kwenda kwa majeruhi mikononi mwangu. Akacheka, akaahidi kuirusha kama ilivyo.

Kazini, chumba cha kufulia, ni yale yale. Boila linanguruma, mvuke umejaa hadi darini, wanawake wanaimba ili wasisikie migongo yao. Msimamizi mpya ana ndevu tatu na filimbi. Anataka nistaafu. Nimemwambia nitastaafu siku wagonjwa watakapoacha kutoka jasho.

Hili ndilo linaloninyima raha. Kila asubuhi nakuombea. Ulipokuwa mjini nilijua Mungu anakupita barabarani, kazi yangu ilikuwa kumkumbusha tu sura yako. Huko je? Yupo? Ni huyu huyu wetu, au wana wa kwao? Nilimuuliza mhubiri wa mtaa, akakohoa, akasema, "Swali zuri sana, mama." Mtu akikusifia swali, jua jibu hana.

Usile vya kopo kila siku.

Mkeo wa uzeeni,
Bibi yako

*

2 Machi

Shikamoo Bibi,

Huyo binti wa posta mwambie asikuguse hata nukta. Nilipoisoma nilisikia harufu ya sabuni.

Kambi yetu ni vyumba kumi na viwili vya bati nene, vimeunganishwa kwa vichochoro. Kitanda changu kiko juu ya cha Mpishi, mzee mmoja anayekoroma kama boila lako. Mimi ndiye fundi bomba peke yangu: nikilala, watu thelathini hawanawi. Nje ardhi ni nyeusi kama masizi, na jua ni kubwa, jekundu, halipandi wala halizami. Linazunguka ukingoni mwa anga kama mtu anayetafuta mlango.

Na kuna wenyeji, Bibi. Magazeti ya huko yanasema "viumbe". Sisi tunawaita Warefu. Ni warefu kama nguzo za umeme, rangi ya majivu, mikono yafika magotini. Katikati ya kifua ngozi yao ni nyembamba, na wakifurahi panawaka taa ndani, taratibu, kama chemli nyuma ya pazia. Kwa miezi yote niliyokaa walikuwa wakitutazama kwa mbali tu, vifua vimefifia.

Sasa sikiliza. Unakumbuka sheria yako ya kazini, kwamba hakuna kufungua bomba la mvuke kabla hujaligonga, ili aliye upande wa pili atoe mkono wake? Ulinichapa kwa taulo bichi niliposahau, nikiwa na miaka saba. Basi huku ninagonga kila bomba, hata ambapo najua hakuna mtu. Mkono umezoea. Wiki iliyopita nilikuwa nje natengeneza bomba la kuchotea maji ya chemchemi yao. Nikagonga. Nilipoinua kichwa, Warefu walikuwa wamenizunguka, wengi, kimya, na vifua vyote vimewaka.

Tuna kisanduku kinachotafsiri maneno yao, kwa kubahatisha nusu. Mmoja aliinama hadi uso wake ukawa sawa na wangu. Kisanduku kikasema: "Wewe huombi kwa mdomo. Lakini unaomba kabla ya kuchukua."

Swali lako sijui jibu lake. Lakini mwili wangu ulisisimka kama nimeingia mahali ambapo mtu mkubwa ametoka sasa hivi, na kiti bado kina joto.

Mumeo asiyeonekana,
Fundi

*

28 Aprili

Mume wangu,

Nimesoma barua yako mikono ikiwa na wanga hadi viwikoni, sasa imekauka na kuwa ngumu kama bati. Niliwasomea wanawake wenzangu. Tuliacha mashine izunguke tupu. Ndevu Tatu akapuliza filimbi, na hakuna aliyegeuka.

Taulo lile silijutii. Ningekuchapa na la pili.

Ila mume wangu, nimekaa na neno lako la kiti chenye joto nikashindwa kula. Sisi wote tumezaliwa nje ya mlango. Hilo hata mtoto analijua: wale wawili wa mwanzo walipewa bustani, wakaambiwa hiki msiguse, wakagusa, wakafukuzwa, na ndiyo maana mgongo unaniuma. Sasa hao Warefu wako, waulize kitu kimoja, waulize kwa adabu. Waulize kama na wao walifukuzwa.

Wakisema ndiyo, ni ndugu zetu, kaa nao, mpeane pole. Wakisema hapana, vua viatu vyako. Usicheke, sitanii. Vua viatu, na ukirudi kambini osha mikono yako kabla ya kuwagusa tena, kwa sababu uchafu si wao walionao.

Na huyo Mkuu wa kambi uliyeniambia zamani ana sauti nzuri kama mtangazaji wa redio, mchunge. Mwanaume akiwa na sauti nzuri hivyo, kuna kitu anataka ukibebe.

Kikohozi kidogo, mvuke tu huu. Usianze kuniuliza.

Mkeo,
Bibi

*

15 Juni

Shikamoo Bibi,

Niliwauliza.

Kisanduku kilihangaika. Neno "kufukuzwa" hawana. Nikaeleza kwa mikono: mtu yuko ndani, anatolewa nje, mlango unafungwa. Kisha yule aliyeinama siku ile, ambaye nadhani ni mwanamke na nadhani ni mzee, ingawa kwao ni vigumu kujua, akajibu: "Aliyetupa maji atutoe, atupeleke wapi ambako si kwake?"

Nilivua viatu, Bibi. Ardhi yao ni ya moto kiasi.

Tangu hapo wananichukua mahali ambapo hajafika mtu mwingine wa kambi. Unashuka pangoni kwa njia ya kuzunguka, kuta zinalia maji, na chini kabisa kuna jicho la chemchemi. Ni tundu lisilozidi mdomo wa ndoo, na maji yanayotoka humo ndiyo yanayonywesha nchi nzima. Hayaruki wala hayapigi kelele. Yanapanda tu, yenyewe, kama pumzi ya mtu aliyelala salama. Warefu wanakaa pembeni wakiyatazama, vifua vimewaka, na mwanga wao unacheza darini. Nilikaa nao. Nilisahau kwamba nina jina, na kazi, na njaa.

Mkuu hafurahi. Anawataka waingie mashimo ya madini kwa sababu hewa ya mle haiwadhuru. Wakiombwa wanasaidia mara moja, kwa furaha, kisha wanarudi zao kwenye maji. Amewapa shanga, vioo, mablanketi, wameshukuru na kuviacha mchangani. Juzi mezani alisema, "Mtu asiyehitaji kitu huwezi kumwajiri." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa natafuna.

Habari njema: kuna chombo cha kurudi kinachoondoka mwanzoni mwa Oktoba, na nimeahidiwa kiti. Imebaki kazi moja tu ndogo, kufunga koki fulani kubwa. Ninasitasita kidogo, sijui kwa nini. Pengine ni uchovu. Wewe ungekuwa mimi, ungeimaliza tu?

Kikohozi kinaendeleaje?

Mumeo,
Fundi

*

8 Agosti

Mume wangu,

Koki! Mtoto wa dobi, uliyezaliwa katikati ya mabomba, unaniuliza kama ufunge koki? Ifunge! Kaza nati, panda chombo, njoo nyumbani. Mkubwa wako akisema funga mbili, wewe funga tatu. Kusitasita ni kwa watu wasio na bibi.

Jibu la yule mzee wa kike nimelibeba kifuani wiki nzima kama mtu aliyebeba yai. "Atupeleke wapi ambako si kwake." Nimezeeka nikisikia mahubiri, na hakuna aliyenikalisha chini hivyo. Niliposoma sauti ilikatika, jirani yangu akanimalizia.

Mwandiko huu unayumba kwa sababu meza ni mbovu. Kazi nimewaachia wenzangu kwa siku chache, Ndevu Tatu amepata alichotaka, mwambie Mungu amzidishie ya nne. Hapa nilipo ni pazuri, pana dirisha, napepewa. Watu wanakuja kunisalimu mpaka nakosa nafasi ya kukunja miguu.

Nakuomba kitu ambacho sijawahi kukuomba tangu uondoke. Njoo. Nataka kushika masikio yako nione kama bado ni makubwa. Lolote wanalotaka huko, wape, mradi uje.

Sisemi zaidi.

Mkeo,
Bibi

*

20 Oktoba

Shikamoo Bibi,

Kaa kwanza. Kama umekaa, lala.

Chombo kimeondoka. Mimi nimebaki. Kingine kitakuja baada ya miaka minne. Umeniambia nifunge koki, na sikufunga, na sasa nitakwambia nilichokuficha mwezi wa Juni, kwa sababu niliogopa kwamba ukijua utanikataza, na nilitaka sana kurudi.

Koki ile ilikuwa ya kwenye jicho la chemchemi.

Mkuu aliniita ofisini, akanimiminia kahawa kwa mkono wake, akasema kwa ile sauti yake, "Hatuwadhuru. Tunafunga saa chache tu kwa siku. Wakifanya kazi, tunafungua. Watajifunza kutaka, na kutaka ndio mwanzo wa maendeleo. Na wewe ndiye pekee wanayekupeleka kule." Unaona, Bibi? Waliniamini kwa sababu ya mkono wako uliomo mkononi mwangu, na imani hiyo ndiyo aliyotaka niitumie kama spana.

Barua yako ilifika siku moja kabla ya siku ya kuifunga. "Lolote wanalotaka, wape, mradi uje." Nilisema basi, bibi yangu ndiye amesema. Nilitia koki kwenye mfuko na barua yako juu yake, nikashuka.

Walinipokea kama kawaida. Nilivua viatu, na mfuko ukagonga mwamba, ukatoa sauti. Yule mzee akauliza ni nini hicho cha chuma.

Ningeweza kusema ni pambo. Wangekubali. Hawajawahi kudanganywa, Bibi, hawajui hata kwamba hilo linawezekana. Wangeniangalia nikikifunga na vifua vyao vingewaka kwa kuwa nimewaletea zawadi. Nilifungua mdomo niseme "pambo", na neno halikutoka. Lakini ukweli nao uliniogopesha zaidi. Nikiwaeleza kazi ya koki, mimi ndiye nitakayekuwa nimewafundisha kwamba mtu anaweza kumnyima mwenzake maji. Nilijiona niko kwenye ile bustani unayoisema, na sikuwa yule wa kuambiwa usiguse. Nilikuwa yule mwingine, aliyeingia na neno.

Nikaweka koki chini, nikaeleza. Nilisema: hii inazuia maji. Wanaoshika mpini wanakunywa, wasioshika wanangoja. Kwetu zipo kila mahali. Na nimeletwa niiweke hapa, juu yenu.

Vifua vyote vikazimika. Sijawahi kuona giza kama lile. Nikajua nimeiharibu dunia nzima kwa sentensi nne, na kwamba ningefunga midomo yangu kama ningekuwa na akili. Nilijikunja pale chini nikingoja, sijui nikingoja nini, kipigo labda. Nilitamani kipigo.

Kisha mwanga mmoja ukawaka, mdogo, karibu sana na mimi. Mzee yule alikuwa ameinama. Kisanduku kikasema, taratibu, kama nacho kinaogopa kukosea: "Pole. Ni nani alikufungia wewe?"

Bibi, walikuwa hawajajifikiria wao hata kidogo. Katika yote niliyosema, walisikia jambo moja tu, kwamba mimi natoka mahali ambapo watu wananyimwa maji. Walizimika kwa kunihurumia.

Akachota kwa viganja vyake viwili, akaninywesha. Akafuata mwingine. Akafuata mwingine. Walipanga foleni kutoka jichoni hadi juu kabisa ya pango, kila mmoja na viganja vyake, na kila aliyeninywesha alipogeuka kifua chake kilikuwa kimewaka, mpaka pango lote likawa jeupe na nikaona kivuli changu pande zote kisha nisikione kabisa. Nilikunywa mpaka tumbo likauma. Nililia kama siku ya taulo. Aliyeko kwenye maji yale, Bibi, alikuwa karibu mno, na sikuthubutu kuinua uso.

Nilirudi na koki, nikamwambia Mkuu sitaifunga. Hakupaza sauti. Kiti changu akampa Mpishi, aliyevunjika nyonga, na Mpishi alistahili, sinung'uniki. Kisha akaichukua koki akaenda mwenyewe. Nilikimbia nyuma yake nikiwapungia mikono, kuwakataza. Hawakunielewa. Walikuwa wameshasikia kwangu kwamba kwetu watu wana kiu, na huyu hapa mwingine anakuja. Walimpokea mbio. Walimshika mikono wakamshusha pangoni kama mgonjwa anayepelekwa kwa mganga, vifua vimewaka kote njiani.

Alikaa humo muda mrefu. Aliporudi aliweka koki kwenye meza ya chakula, katikati ya sahani, akavua kofia. Akaniambia, "Fundi, naomba kikombe cha maji, tafadhali." Nilimpa. Alikunywa akitazama ukutani, na ile sauti yake nzuri hakuitumia tena siku hiyo. Kesho yake ni kesho, simwekei dhamana. Koki bado iko mezani. Watu wanapitisha chumvi kwa kuizunguka.

Kwa hiyo nimekukosea. Uliniomba jambo moja tu. Miaka minne ni mingi lakini wewe ni chuma, unapumzika penye dirisha, utanisubiri. Niambie utanisubiri.

Mumeo,
Fundi

*

13 Desemba

Mjinga wewe.

Mjinga wangu mzuri, niliyekulea kwa sabuni na vitisho.

Siku ya kwanza niliyoisoma nilikasirika mpaka muuguzi akaja kunipima. Naam, muuguzi. Dirisha nililokuambia ni la wodi, na kitanda ni cha hospitali, na meza haikuwa mbovu. Ni mapafu. Mvuke na dawa ya kung'arishia mashuka vimeyala polepole, na daktari, kijana mwenye huruma asiyejua kuificha, anasema nisipange mambo ya mbali. Nilikuficha, ukanificha. Tungekuwa tumefunga ndoa ya kweli, tungedumu.

Siku ya pili niliisoma tena, kwa sauti. Wodi yetu ina vitanda ishirini, na wanawake wa humu wana midomo, asikwambie mtu. Kitanda cha nne anamtukana daktari kwa mafumbo, kitanda cha tisa anaimba. Nilipofika pale walipozimika, kitanda cha tisa aliacha kuimba. Nilipofika kwa yule mzee na pole yake, sikuweza kuendelea. Kitanda cha tisa akasema, "Soma, mama, usituache gizani." Nikasoma. Nilipoinua macho, mwanamke wa kando yangu alikuwa amemshika mkono muuguzi, na muuguzi alikuwa amekaa chini sakafuni na sare yake nyeupe, anasikiliza kama mtoto.

Tulikaa hivyo. Hakuna aliyesema amina, jambo lenyewe lilikuwa limeshapita hapo.

Sasa nisikilize vizuri, maana pumzi ninazihesabu na sipendi kurudia. Mimi nilikuambia ufunge. Sikujua, lakini nilikuambia, na ungenitii ungekuwa hapa sasa hivi. Ningeshika masikio yako. Na wale wa kule wangekuwa wamekaa kwenye foleni ya kungoja mpini, hawajui wamekosa nini. Ningekufa nimekushika na nisingejua bei yake. Nimelifikiria hilo kwa siku nyingi, nikiligeuza huku na huku, kwa sababu nilikuwa nakutaka sana. Bado nakutaka. Mtu akikuambia bibi yako alikubali kirahisi, mkane.

Nimekubali kwa shida. Nimekubali jana, mchana, kitanda cha nne akiwa anakoroma.

Nawe usijinyonge roho kwa hesabu ya miaka. Ukae na hao watu. Wafanyie kazi, uwatengenezee bomba, na huyo Mkuu umpe maji kila akiomba, hata akirudia uovu wake, umpe tu. Na habari yangu itakapokufikia, kwa mkono wa binti wa posta, nimemwachia anwani, utawashukia pangoni ukiwa na uso wa kilio, na wataona, kwa jinsi unavyowaeleza hawapitwi na kitu. Watakuuliza lile swali lao. Watakuuliza nani alimfungia bibi yako asikuone.

Waambie hakuna. Waambie, kwa maneno haya haya na kisanduku chako kisiyabahatishe: yule mwanamke hakunyimwa. Alikuwa na mume mmoja aliyebaki, akawapa nyinyi.

Mkeo,
Bibi